Bi Stumai, Mlango wa Mwisho wa Noeli

Mzee Osmund wa Mjimwema anasema aliona kwa macho yake. Anasema jioni ile ya mkesha wa Noeli, Bi Stumai alitoka ndani na mwiko mkononi, akamkimbiza Mtakatifu Yosefu mpaka kwenye mfereji wa barabara. Anasema Yosefu alipoteza kandambili moja. Anasema Bi Stumai alikuwa anapiga kelele, "Mwanaume gani wewe! Mwanaume gani wewe!" Ukimwambia Mzee Osmund kwamba labda ameongeza chumvi kidogo, anakukata jicho. "Mimi ndiye jirani," anasema. "Kati ya ukuta wangu na wake hata kuku anapita kwa ubavu. Nani anajua kunishinda mimi?"

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tukae pamoja. Leo ni tarehe ishirini na nne Desemba, mkesha wa Noeli. Mawingu yameshakaa upande wa Matogoro, na aliyeanika mahindi aanue mapema.

Leo tunamkumbuka Bi Stumai wa Mjimwema, hapa hapa Songea. Bi Stumai alifariki mwezi uliopita, Novemba. Alikuwa Mwislamu, mtu wa swala tano. Na kwa muda wa miaka ishirini na mitano, mlango wake ndio uliokuwa mlango wa mwisho wa Noeli pale Mjimwema. Narudia, kwa ajili ya aliyefungua redio sasa hivi. Bi Stumai alikuwa Mwislamu, na mlango wake ndio uliokuwa mlango wa mwisho wa Noeli.

Mtauliza, mlango wa mwisho ndio nini? Ngojeni. Kila mila ina mahali ilipotoka.

Hii sikukuu yenyewe tunayoisubiri kesho, tarehe yake haimo katika Biblia. Ishirini na tano Desemba ilianza kuadhimishwa kule Roma, karne ya nne. Pango tunalolijenga kanisani, lenye hori na majani makavu, watu wanalikumbuka kwa Mtakatifu Fransisko wa Asizi. Mwaka 1223, katika kijiji cha Greccio, aliweka hori la kweli, na ng'ombe wa kweli, na punda wa kweli. Mti wenye taa tuliletewa kutoka kwa Wajerumani. Na kuna mila nyingine ambayo wengi hamjaisikia. Ni ya kubisha hodi.

Injili ya Luka inasema Yosefu na Maria hawakupata nafasi katika nyumba ya wageni. Basi kule kusini mwa Ujerumani, Bavaria, na kule Austria, watu walizoea kupita nyumba hadi nyumba kabla ya Noeli. Mmoja ni Yosefu, mmoja ni Maria. Wanabisha. Walio ndani wanakataa. Wanakwenda kwingine, wanakataliwa tena. Mwisho wanafunguliwa. Hata Meksiko wanafanya hivyo, jioni tisa mfululizo. Na wamisionari Wabenediktini waliokuja kwetu Ruvuma, wengi walitoka pande hizo hizo za Bavaria.

Mila hiyo iliingia Mjimwema mwaka 2000, mwaka wa Jubilei Kuu. Aliyeileta ni katekista Hironimus. Yeye alijifunza useremala Hanga, kwenye abasia ya Wabenediktini, na huko Hanga bruda mmoja mzee alimsimulia habari ya kubisha hodi. Hironimus akarudi nayo kichwani kama mtu aliyebeba mayai. Akawaambia watu wa jumuiya yake, "Mwaka huu tutabisha nyumba nne. Tatu zitakataa. Ya nne, kwangu, itafungua, na pango litakuwa humo."

Kazi ya wenye nyumba ilikuwa moja tu. Kusema, "Hakuna nafasi."

Wasikilizaji, shida ilianzia hapo. Ni nani Songea aliyefundishwa kumwambia mgeni hakuna nafasi? Katika mazoezi, mama wa nyumba ya kwanza alisema vizuri kabisa, "Hakuna nafasi!" Halafu akatoa mkono dirishani. "Lakini shikeni mwavuli huu, mtarudisha kesho." Nyumba ya pili, baba alikataa kwa sauti nene, na mkewe akasikika nyuma yake, "Baba Remmy, aibu hiyo! Waambie basi wapumzike barazani." Hironimus alishika kichwa kwa mikono miwili. "Ndugu zangu, mnaniharibia Injili!"

Maria wa mwaka ule alikuwa Kunegunda. Leo Kunegunda ni mama mzima, ana genge la mboga, na ndiye aliyetusimulia mengi kati ya haya huku anachambua mchele. Mwaka ule alikuwa na miaka kumi na mitano. Alifungiwa vitenge tumboni, vitatu, vimeviringishwa pamoja, na juu yake gauni la mama yake. Yosefu alikuwa Kassian, kijana mrefu mwenye fimbo. Nyumba tatu ziliwakataa, kwa shida lakini ziliwakataa. Kisha mvua ikafungua mlango wake. Umeme ukakatika. Waimbaji wakakimbilia chini ya mapaa ya watu. Kassian akamshika Kunegunda mkono, akasema, "Kwa katekista ni pale," akakata kona moja kabla ya kona yenyewe.

Walibisha nyumba ambayo haikuwa imeambiwa chochote.

Humo aliishi Bi Stumai. Alikuwa amehamia miezi minne tu kabla ya hapo, kutoka Tunduru, na mumewe dereva wa lori na binti yao mmoja, Chiku. Mume alikuwa safarini. Na mwaka ule, wasikilizaji, kama mnakumbuka, mwezi wa Ramadhani uliangukia Desemba. Bi Stumai alikuwa amefuturu, anakoroga uji uliobaki.

"Hodi," alisema Kassian.

Mlango haukufunguliwa. Kunegunda alishangaa moyoni, maana nyumba ya nne ndiyo iliyotakiwa kufungua.

"Hodi!"

Ikasikika sauti, "Subiri, natafuta kanga."

"Hodi!"

Mlango ukafunguka wote. Bi Stumai alisimama na kibatari mkono mmoja na mwiko mkono mwingine. Aliona kijana mkavu kichwani, maana Kassian ndiye aliyevaa kofia ya baba yake. Aliona binti mdogo, amelowa chapachapa, tumbo mbele.

Kassian akasema maneno yake aliyofundishwa. "Mke wangu amechoka. Tunaomba nafasi."

"Mke wako?" alisema Bi Stumai. "Wewe na ndevu zako tatu hizo? Unamtembeza mtoto wa watu na mimba kubwa hivi, na mvua hii, na kofia umevaa wewe? Mwanaume gani wewe!"

Hapo Mzee Osmund hajadanganya. Mwiko ulikuwepo. Maneno yalikuwepo. Ila Kassian, ambaye siku hizi ana bodaboda yake pale stendi, anakana kukimbizwa. "Alinielekezea tu," anasema. "Kurudi nyuma nilirudi mwenyewe. Na kandambili ilinaswa na tope." Msikilizaji, chagua wa kumwamini.

Bi Stumai alimvuta Kunegunda ndani. Akamwambia Chiku, wakati huo msichana wa miaka kumi na mitatu, "Inuka kitandani, mwachie dada yako. Kisha teka maji, uweke jikoni, mengi." Kule Tunduru Bi Stumai alikuwa amewapokea watoto wengi wa majirani, hakuwa na hofu na jambo hilo. Akamlaza Kunegunda. Akaanza kumfariji, "Bismillahi, mwanangu, usiogope. Uchungu umeanza lini?"

Kunegunda alitaka kusema. Alisema hivyo mwenyewe, alitaka kusema, lakini ulimi ulikuwa umeganda kwa aibu na baridi. Mkono wa Bi Stumai ukashuka juu ya tumbo. Ukabonyeza. Ukasimama. Ukabonyeza tena.

"Mwanangu," alisema Bi Stumai polepole, "huyu mtoto wako ana pindo."

Chiku ndiye aliyecheka kwanza, mlangoni, na ndoo ya maji mkononi. Kisha Kunegunda akacheka huku analia. Akaeleza yote. Katekista, Yosefu, nyumba tatu, na kwamba wenye nyumba wanatakiwa kusema hakuna nafasi.

Bi Stumai hakucheka mara moja. Alikaa kwenye kigoda.

"Kwetu sisi," alisema, "Bibi Mariamu alijifungulia chini ya mtende, peke yake. Hapakuwa na mtu wa kumshika mkono. Siku zote nikisikia habari hiyo naumia, nasema, laiti angepita karibu na nyumba ya mtu. Leo kapita kwangu. Halafu mimi niseme hakuna nafasi? Hapo katekista wenu amekosea nyumba."

Akatoa kopo la tende zake za futari, akaweka kwenye sahani. Waimbaji wakaanza kufika mmoja mmoja, wakifuata fimbo ya Yosefu iliyoachwa barazani. Mwisho akafika Hironimus mwenyewe, anatweta, na pango lake linamsubiri nyumbani bila mtu. Akakuta Maria amejifunika blanketi, anakula tende. Yosefu anakunywa uji jikoni, kwa adhabu, kwenye kikombe kisicho na mkono.

Hironimus alitazama. Akavua kofia. Watu walimsikia akisema, "Basi. Hii ndiyo ya mwisho."

Na ikawa hivyo, wasikilizaji wapendwa. Mwaka uliofuata walibisha nyumba tatu, na ya nne ikawa ya Bi Stumai. Mwaka wa tatu vivyo hivyo. Mila iliyotoka Bavaria ikapata Mjimwema kitu ambacho haikuwa nacho. Ilipata tende, na mwanamke mwenye mwiko aliyemgombeza Yosefu. Kila Yosefu aligombezwa. Vijana walipigania kuwa Yosefu kwa ajili ya kugombezwa huko. Kila mwaka Bi Stumai alitenga tende za Ramadhani kwenye lile kopo, hata Ramadhani ilipohamia Julai, hata ilipohamia Machi, na Chiku alipojaribu kula moja alipigwa kofi mkononi. "Hizo za Bibi Mariamu!"

Walipobisha, hawakusema hodi tupu. Walisema, "Hodi kwa Mama Chiku!" Maana ndivyo alivyoitwa na wote pale mtaani. Na yeye hakufungua mpaka hodi ya tatu. Akiulizwa, alisema, "Hodi ni tatu. Ya kwanza mwenye nyumba anasikia. Ya pili anatafuta kanga. Ya tatu anafungua. Ukiondoka kabla ya ya tatu, usiseme ulinyimwa."

Ila kuna mwaka mmoja. Hatuwezi kumkumbuka Bi Stumai tukauruka mwaka huo.

Hironimus alikuwa ameshafariki. Jumuiya ilikuwa na mwenyekiti mpya, Bwana Mathias, mtumishi wa serikali aliyehamia hapa. Si mtu mbaya. Ni mtu wa utaratibu. Alisema kwenye kikao, "Mama yule ni mwema, simkatai. Lakini Noeli ni ya Kanisa. Mlango wa mwisho uwe wa Mkristo." Watu wakatazamana. Wengine waliona ana hoja. Wengine waliona haya kubishana na mwenyekiti. Kunegunda alikuwepo kikaoni, wakati huo ana watoto wawili. Aliinua mkono nusu, akaushusha.

Hakuna aliyekwenda kumwambia Bi Stumai. Kila mmoja alidhani mwingine ataenda.

Jioni ya mkesha walipita na nyimbo zao. Walipokaribia nyumba yake, sauti zilipungua zenyewe. Kunegunda aliona mlango umefungwa, kama kawaida, unangoja kubishwa. Aliona taa ya barazani. Pembeni, kupitia dirisha la jikoni, aliona mvuke wa sufuria. Mtoto wake wa kwanza akamvuta kitenge. "Mama, si ni hapa?" Kunegunda akatazama miguu yake. Wakapita.

Ndani, Bi Stumai alikuwa ameshavaa kanga. Mzee Osmund anasema, na hapa sauti yake inashuka, kwamba taa ya barazani iliwaka muda mrefu baada ya nyimbo kuisha.

Asubuhi ya Noeli, watu wanatoka Misa ya kwanza, walimkuta Bi Stumai kwenye geti la kanisa. Sufuria iko chini, imefungwa kitenge isipoe. Kopo la tende liko juu ya mfuniko.

Kunegunda alitamani ardhi ipasuke. "Shikamoo, Mama Chiku."

"Marahaba, mwanangu. Jana mvua iliwapoteza?"

Mvua haikunyesha jana yake. Wote wawili walijua.

"Nilisikia mnaimba," alisema Bi Stumai. "Nikajua mnakuja, kumbe mnakwenda. Basi. Chai imelala, lakini nimeipasha."

Kikombe cha kwanza alimpa Bwana Mathias. Mathias alikipokea kwa mikono miwili, akashindwa kukinywa. Bi Stumai akamwangalia, akasema kwa sauti ya utani, lakini utani wenye mfupa, "Mwenyekiti, mimi hodi nafungua ya tatu. Wewe hujapiga hata moja."

Mwaka uliofuata, aliyeongoza msafara alikuwa Mathias mwenyewe. Aliomba awe Yosefu, mtu wa miaka hamsini na kitu, na kitambi. Akabisha. Bi Stumai akafungua na mwiko. Kunegunda anasema hajawahi kusikia Yosefu akigombezwa kama yule. Alianzia kwenye kofia akamalizia kwenye kitambi. Mathias alisimama pale, machozi yanamtoka, anasema, "Ndiyo mama. Ndiyo mama." Watu walidhani anacheka. Kunegunda alikuwa karibu. Anasema hakuwa anacheka.

Wasikilizaji wapendwa, Bi Stumai aliugua kisukari miaka yake ya mwisho. Tende zenyewe alikuwa haruhusiwi kuonja, na bado alizitenga. Mumewe alikuwa ametangulia zamani. Alifariki Novemba hii, akazikwa siku ile ile kwa taratibu za dini yake. Wanajumuiya walifunga magenge yao, wakaja. Kina mama walimenya mihogo ya matanga. Bwana Mathias alibeba viti.

Binti yake, Chiku, alikuja kutoka Tunduru, ambako ameolewa. Siku ya tatu, watu wakiwa wanaondoka, Kunegunda alikaa naye mkekani. Kisha Chiku akasema maneno ambayo Kunegunda ametuomba tuyaseme kama yalivyo, bila kuyapamba.

"Nyie mlikuja kwa mama kila mwaka," alisema Chiku. "Mkaimba, mkala, mkaondoka. Mimi nilikuwa wa kuinuka kitandani na kuteka maji. Miaka yote hiyo mnaita jina langu mlangoni, hodi kwa Mama Chiku, hodi kwa Mama Chiku. Hakuna hata siku moja mliyombishia Chiku."

Kunegunda alikumbuka ile ndoo mlangoni, na kicheko cha kwanza. Alikumbuka kwamba kitanda alicholazwa kilikuwa bado na joto la mtu.

Kisha akauliza, maana alijua asipouliza pale hatauliza tena. "Dada Chiku, mkesha wa Noeli, tukija, utatufungulia?"

Chiku alikuwa na funguo ya nyumba mkononi. Aliifunga kwenye pindo la kanga, akakaza fundo. Akatazama juu.

"Mvua inakuja," alisema. "Tuanue mikeka."

Wakaanua mikeka. Kesho yake Chiku akapanda basi la Tunduru. Nyumba imefungwa mpaka leo. Mzee Osmund anafagia baraza kila asubuhi, hakuna aliyemtuma.

Kwa niaba ya kituo hiki, tunatoa pole kwa Chiku, mumewe na watoto wao, na kwa ukoo wote ulioko Tunduru na Namtumbo. Poleni sana. Mwenyezi Mungu amrehemu Bi Stumai na kumpa makazi mema. Pole pia kwa majirani wa Mjimwema, maana jirani naye hufiwa.

Na sisi tuliobaki, tujitafakari kidogo kabla ya pilau la kesho. Tunaimba kila mwaka kwamba hapakuwa na nafasi, tunawalaumu watu wa Bethlehemu. Mlango gani tumeupita kimya jana, na ndani mtu ameshavaa kanga? Na ni nani katika nyumba tunazozisifu kwa ukarimu, ambaye tulikula kwa mikono yake, na jina lake hatukuliita?

Jioni hii watoto wa Mjimwema watabisha nyumba tatu, na zitawakataa. Vitenge vimeshaviringishwa. Yosefu wa mwaka huu ana fimbo na hana kofia, ameshaonywa. Baada ya nyumba ya tatu watakata kona ile ile aliyokosea Kassian, watasimama mbele ya baraza lililofagiliwa.

Kunegunda hajui kama mtu atakuwepo. Hajapigiwa simu. Ametuomba jambo moja. Anasema redio hii inafika Tunduru, na inasikika hata ndani ya basi. Anaomba hodi mbili zianzie hapa, ya tatu ataipiga mwenyewe mlangoni. Na anaomba katika hodi hizo tusimtaje mama.

Basi, dada yetu, popote unapotusikia.

Hodi kwa Chiku.

Hodi.